Mackintosh na Jukwaa Lililokoma Kuzunguka

Usiku wa tarehe 13 Julai 2019, katika ukumbi wa Queen's ulioko Shaftesbury Avenue mjini London, mchezo wa Les Misérables ulichezwa kwa mara ya mwisho katika umbo ulilozaliwa nalo mwaka 1985. Kisha mafundi wakaingia, sakafu ikang'olewa, na ukumbi ulipofunguliwa tena mwezi wa Disemba, sasa ukiitwa Sondheim, mchezo ulirudi na nyimbo zake, na wafungwa wake, na bendera yake nyekundu, lakini jukwaa la kuzunguka alilolisanifu John Napier halikurudi. Aliyeamua lisirudi ni mtayarishaji wa mchezo, Sir Cameron Mackintosh, mtu ambaye pasipo yeye mchezo wenyewe usingalikuwako. Nami, kwa taadhima yote niliyo nayo kwake, naiona rai ile kuwa kosa, tena kosa la mjuzi, ambalo huumiza kuliko kosa la jahili.

Sisemi hivi kwa mahaba ya mitambo. Wanaoifuata safu hii wanajua nilivyokwisha kulalamika juu ya vipaza sauti vilivyobandikwa kwenye mapaji ya nyuso za waigizaji hata sauti zote zikatoka mahali pamoja, na wanajua ya kuwa mojawapo ya maonyesho ninayoyathamini zaidi ni lile la waigizaji kutoka Kenya waliocheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, mwaka 2012, wakiwa wachache, juu ya mbao tupu, mchana kweupe, na hadhira ambayo sehemu yake kubwa haikuijua lugha ikawafuata hatua kwa hatua. Jukwaa tupu ni jukwaa kamili. Ninachokitetea hapa ni mwendo uliokuwa na maana, ulioondolewa na mahali pake pakawekwa picha.

Tuchukue dakika zile zinazofuata shambulio la mwisho. Katika kazi ya waongozaji wa kwanza, Trevor Nunn na John Caird, risasi hukoma, na kwa kitambo hakuna anayeimba wala anayesema. Kisha boma zima, lile lundo la meza na viti na magurudumu na mbao lililotokea pande mbili za jukwaa likaungana katikati, huanza kugeuka polepole na maiti zikiwa juu yake, hata upande wa nyuma, ambao muda wote wa pigano ulikuwa umefichika kwetu, utuelekee, na hapo ndipo tunapomwona Enjolras, kiongozi wa vijana waasi, amelala kichwa chini, mikono imetanda, juu ya bendera ile nyekundu aliyokuwa akiipeperusha. Haji mtu kumbeba, wala hapana anayemwonyesha kwa kidole. Tangu mwanzo wa mapigano sisi watazamaji tulikuwa ndani ya boma, pamoja na vijana, tukiwaona askari kwa moshi na milio tu. Na sasa, bila ya kuinuka vitini, tumezungushwa tukawekwa mahali waliposimama askari, tukaiona kazi yao kama walivyoiona wao. Hoja nzima ya Victor Hugo, mwandishi wa riwaya yenyewe, juu ya nani anahukumu na nani anahukumiwa ilisemwa pale kwa sakafu, na ilisemwa katika kimya, ambacho katika mchezo unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho ni kitu adimu mno.

Katika kazi mpya, ya Laurence Connor na James Powell juu ya mandhari ya Matt Kinley, maiti ya Enjolras huletwa juu ya mkokoteni, ukapitishwa mbele yetu, afisa Javert akautazama. Habari imefika: kijana amekufa, na afisa ameona. Lakini mtazamaji amebaki palepale, upande ule ule, akiletewa msiba kama mtu aletewavyo barua. Nimesikia watu wakisema ya kuwa mkokoteni ni wa kweli zaidi, kwa kuwa ndivyo maiti zilivyookotwa Paris mwezi Juni 1832, na sina ubishi na historia. Ubishi wangu ni kwamba jukwaani ukweli wa chombo haulipi ukweli wa mahali anaposimama mwenye kutazama, na pale ndipo thamani yote ya dakika ile ilipokuwa.

Na kabla ya Enjolras yuko Gavroche. Mtoto yule, kwa wanaokumbuka, aliruka boma kwenda kuokota risasi kwenye maiti za upande wa pili, na boma likageuka likamfuata, tukawa naye huko nje, peke yake, bila ya kinga, akiimba. Tukaona risasi ya kwanza, na ya pili, na tulijua itakuja ya tatu. Sasa hupotea nyuma ya boma, tukaisikia sauti yake, akarudi juu kileleni apate kufa mbele ya macho yetu. Mwigizaji mdogo hujitahidi, na hadhira hushtuka, maana kifo cha mtoto hushtua kwa vyovyote vile. Ila ule upweke wake, ambao ndio uliokuwa ukikaba koo, umekwenda pamoja na sakafu. Yeye alikuwa upande wa hatari na sisi tulikuwa naye. Sasa yeye yuko upande wa hatari nasi tuko salama na wenziwe.

Watu hudhani ya kuwa jukwaa la kuzunguka ni njia ya kubadili mandhari haraka, na kama ingalikuwa hivyo tu basi Kinley angalikuwa na haki ya kushinda, kwa kuwa nyumba zake huingia kutoka pembeni kwa wepesi na hakuna anayekawia. Lakini hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Tangu Namiki Shōzō alipolitengeneza kwa ajili ya kabuki mjini Osaka mwaka 1758, na Karl Lautenschläger akalileta Ulaya, Munich, mwaka 1896, mabingwa wamekuwa wakigundua kazi yake kubwa, ambayo ni kumwezesha mtu kutembea asifike. Max Reinhardt, mwaka 1905 mjini Berlin, aliuzungusha msitu mzima wa A Midsummer Night's Dream, miti ikapita mbele ya wapenzi waliopotea. Helene Weigel, mjini humo humo, mwezi Januari 1949, alilivuta gari la Mama Courage dhidi ya mzunguko wa sakafu, akasonga na kusonga na vita vikipita chini ya miguu yake, asipate hata shubiri moja mbele. Na yeyote anayetaka kujua taabu isiyo na mwisho huonyeshwaje bila ya neno hata moja, hana haja ya ushahidi mwingine.

Nunn na Caird na Napier walilijua hilo vyema, wakalitumia katika dakika za kwanza kabisa, pale mfungwa Valjean anapotolewa kifungoni na waraka wake wa manjano, akaanza kutembea kutafuta kazi. Hutembea dhidi ya mzunguko. Mashamba humjia, wenye mashamba humjia, mlango wa nyumba ya wageni humjia, kila kimoja humkataa kikapita, naye yungali katikati akitembea. Mtu aliyeachiwa huru akiwa bado kwenye gurudumu. Hapo mchezo haujafika robo saa, nasi tumekwisha kufundishwa lugha yake: anayekwenda na mzunguko ana bahati, anayekwenda kinyume chake ana dhamiri au ana laana, na anayesimama huchukuliwa. Somo hilo hukaa ndani ya mtazamaji kwa saa tatu bila ya yeye kulijua, hata wanawake wanapokuja kuimba Turning baada ya vijana kuangamia, wimbo ambao hata jina lake ni la kuzunguka, na ambao uliimbwa jukwaa likizunguka chini ya nyayo zao. Wimbo ule bado unaimbwa Shaftesbury Avenue. Wanauimba juu ya sakafu iliyotulia.

Badala ya mzunguko tumepewa picha, zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, zikimulikwa nyuma ya waigizaji. Hugo alikuwa mchoraji wa kweli, si mwandishi aliyecheza na kalamu, na wino wake mweusi una kiza ambacho wachoraji wa kazi hiyo wengi wangalikitamani. Ila mchoro wake ulifanywa utazamwe kwa utulivu, na hapa umefanywa utiririke. Valjean anapomchukua Marius kupitia mifereji ya maji machafu, zamani palikuwa na moshi, na miali ya nuru iliyotoboa kutoka juu kama inayopita kwenye vyuma vya mifuniko, na mzee mmoja mwenye kijana mabegani akiikanyaga sakafu iliyokuwa ikimrudisha nyuma, na uzito ule tuliuona kwenye magoti yake. Sasa ukuta nyuma yake ndio unaosafiri. Macho ya watazamaji, ambayo siku hizi yamelelewa na vioo vya simu, hukimbilia penye kitu kinachotembea, na kinachotembea si mtu tena. Vivyo hivyo kwa Javert: zamani daraja lilipaa na yeye akabaki akizama katika nuru iliyozunguka, hila nyepesi kupita kiasi, ambayo kila mtu aliijua ni hila na bado pumzi zilikatika, sasa huchukuliwa na waya mbele ya picha ya maji.

Nuru ya Paule Constable katika kazi hiyo mpya ni ya kusifiwa bila ya masharti, na ukumbi wenyewe, ambao bomu liliubomoa sehemu ya mbele mwaka 1940, umekarabatiwa kwa uzuri na kwa gharama isiyobanwa.

Linalonitia simanzi zaidi ni kwamba aliyefanya hivi amelelewa na jukwaa la kuzunguka. Cameron Mackintosh alikuwa na miaka minane alipopelekwa na jamaa zake kuutazama Salad Days, na alipoutazama tena, amevaa kilti, alishuka moja kwa moja mpaka mbele kwa mtunzi Julian Slade, aliyekuwa akipiga piano, akajitambulisha, akapelekwa nyuma ya pazia kuonyeshwa vitu vinavyofanya kazi. Na toka siku ile hakutaka kuwa mwigizaji wala mtunzi, alitaka kuwa yule ambaye kwa amri yake mambo hayo yote hukutanishwa. Akaiacha shule ya maigizo baada ya muda mfupi, akawa mbeba mandhari usiku na mfagizi mchana katika ukumbi wa Drury Lane wakati wa Camelot, kisha akaenda mikoani na Oliver! akiwa msaidizi wa meneja wa jukwaa. Na mandhari ya Oliver! ilikuwa ya nani? Ya Sean Kenny, ngazi na mbao zilizoachwa wazi bila ya kufunikwa, zikizungushwa mbele ya macho ya watu na pazia halishuki, kazi ambayo mwaka 1960 iliwafanya wasanifu wa Uingereza waanze upya. Kijana yule alizijua mbao hizo kwa mabega na viganja. Na mwaka 1977, alipokwisha kuwa mtayarishaji mwenye jina, aliurudisha Oliver! London katika ukumbi ule ule ulikozaliwa, na akaurudisha na mandhari ile ile ya Kenny, ilhali Kenny mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki na hapana ambaye angalimlaumu kwa kuagiza nyingine. Huyo ndiye Mackintosh ninayemjua na kumheshimu.

Ndiye pia aliyesikia sahani ya Kifaransa ya watunzi Boublil na Schönberg akaona ndani yake mchezo wa Kiingereza, akamwendea Nunn, akakubali sharti la kuufanya pamoja na Royal Shakespeare Company, na magazeti yalipouponda mwezi Oktoba 1985 hata marafiki wakamshauri asiuhamishe kutoka ukumbi wa Barbican, alipiga simu ofisi ya tiketi kuuliza hali, akaambiwa, kama anavyosimulia mwenyewe, kuwa ana bahati simu yake imepata kupokewa. Akauhamishia Palace mwezi Disemba. Kuna watayarishaji wengi ambao wangaliwasikiliza waandishi wa magazeti, na leo tusingalikuwa na kitu cha kugombania.

Kwa nini basi? Yamkini sababu ilianzia barabarani. Mwaka 2009, kwa kuadhimisha miaka 25, uliandaliwa msafara ulioanzia Cardiff, na kwa msafara sina neno: sakafu ya kuzunguka hutandazwa juu ya sakafu ya ukumbi, huunganishwa kipande kwa kipande, hupimwa na kujaribiwa, na msafara unaobomoa Jumamosi usiku na kusimamisha upya mji mwingine hauwezi kuibeba kazi hiyo kila juma bila ya kufilisika. Mandhari ya Kinley ilitatua tatizo la malori, na iliitatua kwa ufundi. Lakini London hapakuwa na malori. Palikuwa na nyumba moja, na mchezo mmoja uliokaa ndani yake tangu mwaka 2004, na mwenye nyumba na mwenye mchezo ni mtu mmoja. Na suluhisho la njiani likaletwa nyumbani likatawazwa, hata leo kijana wa miaka ishirini anayenunua tiketi Shaftesbury Avenue huuona mchezo wa safari akidhani ameuona ule uliowaliza wazazi wake.

Watayarishaji wa zamani hawakuwa malaika, lakini walikuwa na hadhari juu ya jambo hili. Donald Albery, aliyekuwa na ujasiri wa kumtegemea Kenny mwaka 1960, ndiye miaka mitano kabla aliyeuhamisha Waiting for Godot, kazi ya kijana Peter Hall, kutoka ukumbi wa Arts kwenda Criterion, wakati watazamaji walipokuwa wakiinuka na kutoka. Aliuona mti mmoja na watu wawili, akaona yatosha. Joseph Papp, New York, alikuwa na A Chorus Line ya Michael Bennett, mstari mweupe sakafuni na vioo kwa nyuma, ikaendelea Broadway maonyesho 6,137 hadi mwaka 1990, na usiku wa mwisho mstari ulikuwa ule ule. Fedha zilizoingia zingalitosha kununua mandhari ya kila namna. Papp alielewa ya kuwa mstari ule ulikuwa ndio mchezo, na kwamba mtayarishaji, ambaye jina lake hutangulia majina yote kwenye bango, ameaminiwa kazi ya watu wengine ili ailinde hata dhidi ya hamu yake mwenyewe ya kuona kitu kipya.

Hamu hiyo kwa Mackintosh haikukoma hapo. The Phantom of the Opera ulipofunguliwa tena London tarehe 27 Julai 2021, okestra iliyokuwa na wapigaji 27 ilirudi na 14. Nililiandika wakati ule kwa ghadhabu, na ghadhabu haijapoa, kwa kuwa mchezo ule unahusu nyumba ya opera, na nyumba ya opera yenye nusu ya vyombo vyake husikika ni nusu, haidhuru vinanda vya umeme viwekwe vingapi kujaza pengo. Wapigaji nyuzi walioondolewa walikuwa ni sehemu ya utunzi kama vile mzunguko wa Napier ulivyokuwa ni sehemu ya utunzi. Hesabu zinaweza kueleza jambo la namna hii; haziwezi kulihalalisha.

Wapo watakaojibu ya kuwa zama zimebadilika na ya kuwa sakafu inayozunguka ni mtindo wa miaka ya themanini, uliochoka pamoja na moshi wake. Jibu lao liko umbali wa safari fupi kutoka Shaftesbury Avenue, katika ukumbi wa Victoria Palace, ambao nao ni mali ya Mackintosh, na ambamo tangu Disemba 2017 unachezwa Hamilton, yeye akiwa miongoni mwa watayarishaji wake. Mandhari ya David Korins ina mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoweza kwenda kinyume. Juu yake mwongozaji Thomas Kail hurudisha nyuma usiku mzima wa arusi ili tuuone tena kwa macho ya dada aliyenyamaza, na juu yake risasi ya mwisho husafiri polepole huku dunia ikimzunguka anayeingojea. Ukumbi hujaa, na vijana wale wale ambao eti wamechoshwa na mzunguko hukaa kimya wakiutazama. Mackintosh huingia pale akayaona hayo. Basi anajua sakafu hiyo inaweza nini, na anamiliki jengo, na anamiliki mchezo, na Napier na Nunn na Caird walikwisha kumwachia kazi iliyokamilika. Na airudishe sakafu, na maiti ya Enjolras ishushwe kutoka kwenye mkokoteni.